Mzee Zahoro, Fundi Asiyekimbizana na Bati

Jumamosi, tarehe 27 Juni 1981, Mzee Zahoro Nangomwa anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kuchomelea bodi za magari hapa mtaani Gerezani. Alianza mwaka 1953, karakana ikiwa bado mali ya Kanubhai. Karakana ilipogeuka ushirika wetu, yeye alibaki palepale, na miwani yake nyeusi na masikio yasiyosikia neno "haraka".

Vipuri vilipoadimika, alipasua pipa la mafuta, akaligonga kwa nyundo siku mbili, na pipa likawa ubavu wa Peugeot. Wenye magari walikuja kuutafuta mshono wakaukosa.

Kazi yake ina utaratibu. Bati jembamba likichomwa mfululizo hupinda. Kwa hiyo Mzee Zahoro hutia nukta moja mbele, moja nyuma, kisha huenda kunywa kahawa bati lipoe. Upande wa pili wa gari haugusi mpaka wa kwanza ukamilike na milango yake ifunge.

Mwaka 1975 kamati yetu iligundua takwimu. Ikaamua kila gari litoke ndani ya wiki moja. Mzee Zahoro alikuwa katika wiki ya tatu na Peugeot ya zahanati. Gazeti letu la ukutani likamwita kupe. Neno hilo niliandika mimi, na nililipenda sana. Kikao kikaitishwa ili anyang'anywe mtungi wa gesi, akabidhiwe ufagio.

Mwenyekiti, Ndugu Ignasi, mtu wa kifua kipana na tumbo la kutosha, alileta ushahidi: Peugeot nyingine, ambayo kikosi chake kilikata bati lililooza chini ya milango pande zote mbili kwa mpigo, na kuchomelea jipya kwa siku nne. Akaingia ndani, akabamiza mlango tusikie ubora. Ukafunga. Haukufunguka tena, wala ile mitatu mingine. Kwa kukatwa pande zote mbili pamoja, bodi ilikuwa imelegea na kubonyea katikati, na dirishani mwenyekiti hapiti.

Alijaribu kuendeleza kikao akiwa humo humo. Katibu wetu, Bi Tatu, akataka kujua kama aliye ndani ya gari anahesabiwa kuwa amehudhuria.

Mzee Zahoro akainuka. "Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mlango haujui mambo ya wiki."

Akaingiza jeki chini ya tumbo la gari, akainua kidogo kidogo. Mlango ukafunguka wenyewe. Ndugu Ignasi akatoka, akanyoosha shati, na mkono wake ukawa wa kwanza kupigia kura Mzee Zahoro abaki na gesi yake. Gari lile akakabidhiwa Mzee Zahoro alirudie. Lilichukua wiki tano, na milango yote minne ikafunga na kufunguka.

Wapo bado wanaodhani mfanyakazi bora ni yule anayetoka jasho mbele ya mkubwa. Nami nilikuwa mmoja wao, na leo namwomba Mzee Zahoro radhi mbele ya wote.

Asante, Mzee wetu. Upumzike nyumbani kwako Ilala kwa afya na raha, na asitokee mtu wa kukuuliza utamaliza lini.