Gari ya Baba Haitobolewi

Kama unatafuta watu wenye majibu mengi na kazi kidogo, njoo Al-Sulay, Riyadh, Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Pita maghala ya tairi, kata kulia kwenye bufiya ya yule Myemeni anayeuza mikate na kahawa, utatuona. Benchi letu ni kiti cha nyuma cha Hilux iliyopata ajali, kimewekwa juu ya pallet, na kuna spring moja inakukumbusha uko ugenini kila ukijisahau. Mwenye forklift ni Justus, tunamwita Kemikali, kwa sababu alipata B plus ya chemistry Form Four na hajawahi kuturuhusu tusahau. Mlinzi wa ghala ni Norman, ama Pasi, yaani pasta, anayeombea kahawa ikija na kuiombea tena ikiisha. Mimi wananiita Digrii. Jina hilo lingekuwa heshima kama halingekuwa matusi. Niko na Bachelor of Commerce, second class upper, na kampuni iliyonileta hapa ilifungwa kabla sijaonyeshwa dawati. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, imeisha, nangoja kafili mwingine, mdhamini, anichukue, na kwa sasa kiungo changu pekee chenye ajira ni mdomo.

Ijumaa hiyo Danson alifika na Land Cruiser pikapu ya bosi wake, nyeupe, mpya kabisa, bado ina nailoni kwenye viti. Danson ni dereva wa familia moja ya upande wa kaskazini mwa mji, na huyo bosi anamwita baba. Alishuka na boksi la kadibodi, akaliweka katikati yetu kama mtu analeta mtoto abarikiwe.

Kemikali: Hii ni nini? Amplifaya?

Danson: Heater. Ya kabini. Inakula dizeli ya gari yenyewe, inapuliza hewa moto hata injini ikiwa imezimwa. Baba ameagiza online. Leo jioni tunaenda kashta.

Kwa wasiojua, kashta ni hivi: watu wenye nyumba ya vyumba kumi na AC kila chumba wanaenda jangwani kulala kwa hema, kwa hiari yao, wakati wa baridi, na wanaita hiyo kupumzika. Jangwa ambalo Agosti linakukaanga, Januari linakugandisha hadi maji ya chupa yanakuwa jiwe. Familia inalala kwa mahema yenye zulia na jiko. Danson analala kwa gari.

Pasi: Mungu ni mwema. Kumbe wanakupenda.

Danson: Sijui kama ni mapenzi. Nilimwambia tu baba gari ina baridi. Akasema tamam, ataleta mashine.

Akaanza kubandua gundi ya boksi. Tulijua alichokuwa anafikiria. Mwaka jana kwenye kambi ya jirani kulikuwa na dereva kijana wa Bungoma, Ian. Baridi ilimzidi, akaingiza jiko la makaa ndani ya gari, akafunga vioo. Asubuhi Danson ndiye alienda kumgongea dirisha, amwite chai. Alisema aligonga sana. Alisema uso wa Ian ulikuwa mwekundu, mzuri, kama mtu ametoka kuoga.

Mimi: Sasa shida iko wapi? Heater iko, gari iko, drill naona umeazima kwa Myemeni. Funga twende.

Danson: Shida ni tundu.

Kemikali: Tundu gani?

Danson alifungua karatasi ya maelezo, ya Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubahatisha upande wa pili. Hata hivyo picha ilieleweka. Mashine inakaa chini ya kiti cha abiria. Ina bomba la kuvuta hewa ya kuchomea dizeli na bomba la kutoa moshi, yote mawili lazima yapite kwenye sakafu, yatokee chini ya gari. Hakuna njia nyingine. Lazima utoboe.

Danson: Na baba alisema, gari hii jadid, sitaki tundu hata moja. Mafi tundu.

Mimi: Ukamjibu?

Danson: Tamam, baba.

Mimi: Of course.

Danson: Wewe Digrii usianze. Ungesema nini?

Mimi: Ningesema, with all due respect, baba, physics haina wasta, haijali unamjua nani.

Danson: Ndiyo maana huna kazi.

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, na meno yakauma.

Lakini hofu yake haikuwa ya mchezo. Dereva aliyemtangulia alikwaruza mlango wa gari ya madam kwenye parking ya mall. Kesho yake, halas, tiketi ya kwenda nyumbani. Danson ana mtoto Form Three na mwingine anamfuata. Akitoboa, anaweza kupandishwa ndege. Asipotoboa, ama anaganda, ama anafanya kama Ian.

Kemikali alijimiminia kahawa, akajipangusa mustachi. Nikajua tumekwisha.

Kemikali: Sikilizeni. Bomba la moshi tunalitoa kwa dirisha. Unashusha kioo kidogo, nafasi inayobaki unaziba na blanketi.

Danson: Blanketi ndiyo nitajifunika.

Pasi: Na bomba likiteleza usiku, lirudi ndani?

Kemikali: Sasa Pasi, wewe ni wa imani ama si wa imani?

Pasi: Mimi naona mashine yote ikae nje, huko nyuma pamoja na mizigo. Hewa moto ndiyo iingie ndani na hose.

Danson: Huko nyuma kuna mahema, kuni, jenereta, tangi la maji na mbuzi wawili. Halafu hose yenyewe ni hii.

Akainyoosha. Haikufika hata urefu wa mkono wake.

Pasi: Mbuzi wanatoa joto. Ungelala nao.

Mimi: Ameni.

Kemikali: Ngojeni, ngojeni, nimepata. Moshi una sumu, si ndiyo? Carbon monoxide. CO. Sasa shisha inafanya aje? Moshi unapita kwa maji, unasafishwa! Tunachukua jerikeni, tunaweka maji, bomba linaingia humo, moshi unatoka ukiwa umeoshwa. Hata ukitaka harufu ya tufaha, unaweka.

Mimi: Kemikali, carbon monoxide haiyeyuki kwa maji.

Kemikali: Wewe ulisoma commerce.

Mimi: Na wewe uliishia Form Four.

Kemikali: Kwa B plus!

Pasi: Ndugu zangu, tupunguze hasira. Nilisikia zamani wachimba migodi walikuwa wanaingia shimoni na ndege mdogo. Ndege akianguka, wanajua hewa imechafuka, wanatoka. Sasa baba si ana yule ndege wake wa kuwinda? Falcon? Danson alale naye kwa kabini. Ndege akianguka, Danson aamke.

Danson: Yule ndege?

Pasi: Eeh.

Danson: Pasi, yule ndege ana daktari wake. Yule ndege ana pasipoti, ninaibeba mimi kwa mkono wangu tukisafiri. Yangu iko kwa kabati ya baba. Ndege akianguka na mimi nimebaki, ni heri nisiamke.

Tulicheka hadi Myemeni akachungulia. Danson hakucheka sana. Alikuwa anazungusha drill mkononi, anaangalia jua. Baada ya magharibi alitakiwa awe mlangoni kwa baba, gari imejaa, injini inanguruma. Alikuwa hajafunga hata skrubu moja.

Kemikali: Basi toboa kidogo. Tundu dogo hawezi kuona.

Danson: Bomba ni kubwa kama kidole gumba. Na iko mbili, na ya mafuta ni ya tatu.

Kemikali: Weka zulia juu.

Danson: Anaosha gari mwenyewe, hii mpya. Analala chini anaangalia chesisi na tochi ya simu. Hajawahi kuosha sahani, lakini hii anaosha.

Pasi: Basi useme ilikuja na tundu kutoka kiwandani.

Mimi: Pasi, umehama kanisa?

Hapo ndipo akaja Gilbert. Gilbert ni mlinzi mpya wa ghala la pili, mtu wa Kitale, bado mgeni kabisa. Uniform bado ina mikunjo ya paketi, na bado anasalimia kila Mwarabu anayepita. Alisalimia benchi zima mkono kwa mkono, akapewa kikombe, akaelezwa hadithi yote tangu mwanzo: baridi, mashine, tundu, amri ya baba. Kemikali alimweleza ya shisha kama ugunduzi. Gilbert alisikiliza akinywa taratibu.

Gilbert: Nauliza tu, nisamehewe kama naropoka. Huyo baba, ameambiwa tundu ni la nini?

Kemikali aliangalia ndani ya kikombe chake. Pasi alikohoa. Mimi niliye na neno kwa kila kitu nilimwongezea kahawa.

Danson: Alisema hataki tundu.

Gilbert: Nimesikia. Lakini anajua moshi unatoka wapi?

Danson: Si ni gari yake.

Gilbert: Ndiyo. Lakini anajua?

Kemikali: Gilbo, wewe ni mgeni. Hapa bosi haulizwi maswali.

Gilbert: Kwani mtu alijaribu, ikawa mbaya?

Nilipekua kichwa changu nikitafuta mfano. Nilipata hadithi za watu wa watu, za binamu wa rafiki, za Jeddah, za Dammam. Ya kwetu sisi wanne, hata moja. Hatukuwa tumejaribu. Tulifika, tukakuta wengine wanaogopa, tukaogopa kwa umoja.

Danson alitoa simu. Aliiangalia kama inaweza kumuuma. Akapiga, akaweka spika, mkono mmoja bado umeshika drill. Tukasikia mpira kwa televisheni na watoto wakipiga kelele. Waliongea Kiarabu, hapa nakitafsiri nusu nusu.

— Danson! Wen enta? Yalla, unafika saa ngapi?

— Baba, salam alekum. Baba, ile mashine. Lazim tundu.

— Nilisema mafi tundu! Gari jadid!

— Aiwa, baba. Lakini moshi unatoka chini. Mafi tundu, moshi unabaki ndani ya gari. Ndani ya gari, baba, ana mout.

Alisema hivyo, kwamba atakufa, kwa kile Kiarabu chake cha kuokota, pole pole, kama mtu anaomba chumvi.

— Mout vipi? Ukiendesha, fungua dirisha.

— Si wakati wa kuendesha, baba. Ni usiku. Ana nom, mimi nimelala.

Kelele za mpira zilipungua. Mtu alikuwa amepunguza sauti ya televisheni.

— Unalala wapi?

— Kwa gari, baba.

— Kwa gari? Kwa nini kwa gari? Lala kwa hema.

Danson alitutazama. Hakuwa na kiburi usoni, wala hasira. Hasira yote ilikuwa kwangu, na haikuwa na kazi hapo. Yeye alikuwa anauliza kweli, kama mtu ambaye huenda amepitwa na tangazo miaka yote hii.

— Hema gani, baba?

Nilihesabu kichwani mahema aliyotutajia kila mwaka: la baba na wageni wake, la madam na wasichana, la wavulana, na lile dogo ambamo Jael, msichana wa kazi, analala kati ya sufuria na magunia ya mchele. Nadhani huko upande wa pili mzee naye alikuwa anahesabu. Mtoto alimwita, hakuitika.

— Baba? Unanisikia?

Kemikali alishika kikombe hewani, hakukinywea, hakukiweka chini.

— Toboa, ilisema simu.

— Tamam, baba.

— Danson. Toboa vizuri.

Danson aliweka simu juu ya benchi, akaingia chini ya gari na mgongo. Gilbert aliinama kumshikia tochi. Mimi nilitaka kuikata ile simu, nikaona bado inahesabu dakika. Mzee hakuwa amekata. Drill ikaanza kulia kwenye bati jipya la gari yake, na yeye huko kwake alikuwa kwa laini, anasikiliza.