Mwalimu Watiri na Hadithi Isiyosimuliwa Jua Likiwaka

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, kina mama, walimu wenzake marehemu, wanafunzi wake wa zamani, na nyinyi nyote mliopanda mlima huu wa Ihururu na viatu vyenu vya Jumapili, poleni kwa matope na asanteni kwa kufika. Familia imenituma mimi Theuri, kitinda mimba wa nyumba yetu, nisome historia ya dada yangu, na naomba mnivumilie, kwa maana marehemu alikuwa na tabia ya kunisahihisha kila nikisoma mbele ya watu, na hata sasa nasoma huku nikiogopa atasema kitu.

Marehemu Magdaline Watiri Muriithi alizaliwa tarehe 14 Mei 1936 hapa hapa Ihururu, akiwa mtoto wa kwanza wa Gicheru na Murugi, akabatizwa mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ya utoto wake akaipitisha jikoni kwa nyanya yetu, kwa sababu huko ndiko hadithi zilikokuwa. Nyanya alikuwa na hadithi za mazimwi zisizokwisha, lakini alikuwa pia na sheria moja ambayo hata wamisheni hawakuweza kumwondolea, kwamba hadithi za namna hiyo hazisimuliwi jua likiwa juu, ni mpaka jua lizame, mbuzi wafungwe na moto uwashwe, na anayethubutu kuzisimulia mchana mbuzi wa kwao watapotelea malishoni. Watiri aliishika sheria hiyo sawasawa na katekisimu, na pengine zaidi, maana katekisimu alikuwa akiruka mistari.

Alianza shule mwaka 1946, akiwa amechelewa kwa sababu ya kuchunga hao hao mbuzi, akaendelea vizuri mpaka darasa la sita mwishoni mwa mwaka 1952, ndipo Hali ya Hatari ya mkoloni ikaja na shule ikafungwa. Miaka iliyofuata hamnihitaji mimi niwasomee, kwani wengine mlioketi hapa mlichimba naye bega kwa bega lile handaki la kulazimishwa, na mtakumbuka kwamba alikuwa akiwachekesha mpaka askari wanauliza kuna nini.

Tarehe 6 Desemba 1958 alifunga ndoa na Bwana Simeon Muriithi, fundi seremala wa Nyeri mjini, ambaye mnamwona pale mbele, na Mungu akawajalia watoto wanne, Wamae, Waithira, Gicheru na Murugi, wote wazima, wote wako hapa. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini siku ile ya harusi alipoombwa aseme neno alisema asante akaketi, na hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake ndefu zaidi kwa miaka mingi.

Mwezi Januari 1961 marehemu aliajiriwa kufundisha watoto wa nasari hapa kanisani, na mwaka 1964, tukiwa bado tunanusa Uhuru kama mkate mpya, mgeni mmoja wa mchungaji aliondoka akasahau riwaya ya Kiingereza isiyo na jalada. Watiri aliichukua airudishe, akaifungua kidogo tu, na hapo ndipo ilipomnasa. Aliisoma karibu mwaka mzima, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ya kuazima magotini, na alipoimaliza akalia, si kwa sababu ya mambo ya kitabuni, bali kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia, wala hata angempata hakuwa na maneno ya kusema alichokiona mle ndani. Alimjaribu Muriithi, naye akamsikiliza kwa heshima akiendelea kupiga randa, kisha akamwuliza kama mwandishi amesema ni mbao za aina gani zilizotengeneza ile nyumba ya kitabuni.

Kwa hiyo mwezi Februari 1966 alijiandikisha katika darasa la jioni mjini Nyeri, lililofundishwa na Mwalimu Moffat, mzaliwa wa Kangema, mtu mwembamba na mpole aliyependa riwaya kuliko chakula, na huyo ndiye aliyempa dada yangu maneno. Jamani, maneno yale! Alirudi nyumbani na ploti, akarudi na setingi, akarudi na saspensi, na kwa vile alikuwa mtu asiyekubali kununua kitu akakiweka tu kabatini, akaanza kuyatumia siku hiyo hiyo. Mvua ikichelewa alisema Mungu anatuwekea saspensi, mtoto akivunja kikombe na kutoa maelezo marefu alimwambia ploti yake ina mashimo, na siku moja sokoni Kagio alimwambia mama muuza nyanya, mbele ya watu, kwamba bei yake ni ya maajabu na yeye haamini maajabu ya namna hiyo mpaka ayaone yakishuka. Mwalimu Moffat aliwafundisha pia kwamba katika riwaya kuna watu wa aina mbili, kuna walio flati, yaani mtu akiingia kitabuni vile alivyo ndivyo atakavyotoka, na kuna walio raundi, wanaobadilika na kukushangaza, na jioni ile Watiri alifika nyumbani, akamtazama mume wake aliyekuwa akila githeri yake bila neno, akamtangaza rasmi kuwa flati. Muriithi alisema sawa, akaomba aongezewe.

Mwaka 1968 sisi watu wa hapa tulijenga sekondari yetu ya harambee, madarasa mawili ya mbao alizopasua Muriithi mwenyewe, na akatafutwa mtu wa kufundisha watoto kusoma riwaya na hadithi kwa Kiingereza. Dada yangu aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa ameshasema kwamba hataki mtoto mwingine yeyote wa mlima huu afunge kitabu kizuri akiwa na tumbo limejaa na mdomo mtupu, na alijua kwamba asipopata nafasi ile atabaki nasari akiimbisha watoto majina ya wanyama mpaka azeeke. Cheti hakuwa nacho, lakini kamati ilikubali kumwita kwenye mahojiano, tarehe 11 Machi 1969, saa nne asubuhi, mjini Nyeri.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Bwana Peterson Njeru, mtu wa Embu, mwenye suti nzito na moyo mwepesi. Waliuliza kuhusu ploti, akajibu, wakauliza kuhusu msimulizi na kilele na dhamira, akajibu mpaka mmoja wao akaacha kuandika akawa anasikiliza tu. Kisha Bwana Njeru akamwomba jambo la mwisho, jepesi kabisa, asimulie kwa Kiingereza hadithi fupi ya maajabu, ya kwao nyumbani, si ya kitabuni, halafu awaonyeshe hayo yote ndani yake. Dada yangu alifungua mdomo, akatazama chini, akaona jua limeingia dirishani na kumkalia kwenye viatu, akakumbuka kwamba saa hiyo mbuzi wa mama wako malishoni huko Ihururu, akafunga mdomo. Bwana Njeru alimwomba tena kwa upole, naye akajibu kwa Kiingereza safi kwamba atafurahi sana kuwasimulia saa moja jioni. Wakadhani ni mzaha, wakangoja, hakusema kitu, na ikaandikwa kwamba mwombaji anayajua majina ya viungo lakini hajaonyesha kwamba anaweza kupika, arudi mwaka ujao.

Alilia njia nzima mpaka Ihururu, na alipofika akahesabu mbuzi, wakawa wote wapo, akalia zaidi. Alijiita mjinga, alisema Mkristo mzima amekosa kazi kwa kuogopea mbuzi, na kwa wiki nzima hatukusikia neno hata moja la riwaya katika nyumba ile, hata saspensi. Mwisho alimweleza Mwalimu Moffat, akitarajia kuchekwa, lakini Moffat alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, akakiri kwamba nyanya yake wa Kangema alikuwa na sheria ile ile, na kwamba yeye pia, kwa miaka yote aliyofundisha hadithi, hajawahi kusimulia hata moja jua likiwaka. Alimshauri asiivunje sheria, kwa sababu atakayeisimulia hadithi akiwa na hofu ataiua, bali atafute namna ya kwenda nayo.

Mwaka uliofuata aliandika kuomba mahojiano yafanywe jioni, akajibiwa kwa adabu kwamba ofisi hufungwa saa kumi na nusu, afike tarehe 10 Machi 1970, saa nne asubuhi kama wengine. Sasa sikilizeni alichofanya. Alifika akiwa na kiondo chenye blanketi nne na taa ya mafuta, na nyuma yake, bila kuitwa na mtu, akiwa na nyundo mfukoni na misumari mdomoni, akaingia Simeon Muriithi. Hakuna aliyemwomba aje, hata mke wake alidhani anamsindikiza hadi mlangoni tu. Watiri aliiomba ruhusa kamati kwa heshima zote, na kabla wengine hawajajua waseme nini Bwana Njeru alishasimama kusaidia kushika blanketi, kwa sababu, kama alivyotuambia mwenyewe baadaye, mwaka ule wa kwanza alienda kwao Embu akamhadithia mama yake kisa cha mwanamke aliyenyamaza, na mama yake akamkemea vibaya, akamwuliza ni adabu gani ya kumwomba binti wa watu hadithi saa nne asubuhi. Basi Muriithi akagongelea blanketi kwenye madirisha yote manne, chumba kikawa giza, taa ikawashwa, na dada yangu akatoa ule mwito wa kufungua hadithi, ugai itha, na kamati nzima ya elimu, pamoja na suti zao, ikaitika itha.

Aliwasimulia hadithi ya mwanamke aliyeliazimisha zimwi kivuli chake. Zaidi ya hapo siwezi kusema, jua nyote mnaliona lilipo, na nina mbuzi. Ninachoweza kusema ni kwamba alipofika penyewe, pale zimwi linapokataa kukirudisha, alinyamaza, akawaambia kwa Kiingereza kwamba hicho ndicho kinachoitwa kilele na hii wanayoisikia tumboni ndiyo saspensi, na mzee mmoja wa kamati akampigia meza amalizie kwanza ndipo afundishe. Alimaliza, wakampa kazi, blanketi zikashushwa, na jioni ile mbuzi walirudi wote, tena mmoja akiwa na mapacha, jambo ambalo Muriithi alilichukua kuwa sahihi ya nyanya.

Alifundisha katika sekondari yetu tangu Mei 1970 hadi Juni mwaka huu wa 1988, na wanafunzi wake wako kila mahali, mahakamani, hospitalini, redioni, na mmoja kule mwisho naona ameshika taulo la kufutia machozi badala ya leso, ulikuwa hivyo hivyo darasani. Blanketi zile nne zilikaa na misumari yake kwenye kabati la darasa, na kila mtoto aliyepita pale alijifunza kwanza kusimulia ndani ya giza, ndipo alipopewa maneno ya kusemea alichofanya, na hakuna aliyetoka na tumbo limejaa na mdomo mtupu.

Mwezi Julai alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa hospitalini Nyeri tarehe 2 Agosti, akaruhusiwa, akarudishwa tena tarehe 19 Oktoba. Nyumbani katikati ya safari hizo Muriithi alijifunza kupika uji, akajifunza kumsomea gazeti, akajifunza hata kumsimulia kilichotokea karakanani, mwanzo, katikati na mwisho. Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Novemba, saa za kutazama wagonjwa, wajukuu walimwomba ile hadithi ya kivuli, naye akasema kwa sauti ndogo kwamba ni mchana, na hapo shemeji yangu akavuta blanketi mbili kati ya zile nne kutoka kwenye mfuko wa plastiki, sista akamsaidia kuzining'iniza kuzunguka kitanda, na Watiri akaanza. Alifika pale zimwi linapokataa kurudisha kivuli, akapumzika kidogo, akalala, na kengele ya wageni ikalia. Aliaga dunia alfajiri iliyofuata, tarehe 6 Novemba 1988, akiwa na miaka hamsini na miwili, na inatuuma, jamani, inatuuma sana, sitawadanganya.

Familia inawashukuru madaktari na masista wa hospitali kwa mikono yao na kwa kuturuhusu zile blanketi, inawashukuru majirani mliotuletea kuni, maziwa na viti, walimu wenzake mliosimamia madarasa yake, Mwalimu Moffat aliyetoka Kangema na fimbo yake, na Bwana Njeru, ambaye mama yake wa Embu ametutumia salamu. Mungu awarudishie.

Neno la mwisho limetoka kwa mgane mwenyewe, na amenituma nilisome kwa kuwa anasema hotuba bado hawezi. Wajukuu wamekuwa wakimwuliza tangu Jumapili kama yule mwanamke alikipata kivuli chake au hakukipata, na yeye anawaalika wao, pamoja na nyinyi mtakaobaki, mrudi nyumbani jioni hii jua likishazama nyuma ya Nyandarua, kwa sababu hadithi ile ameisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na ataimalizia yeye, Simeon Muriithi, kwa mdomo wake.

Dada, ulisema mtu huyu ni flati. Leo mimi ndiye ninayekusahihisha. Pumzika kwa amani, Mwalimu, madirisha tutayafunga sisi.