Bi. Mwaisha Kibwana, Lenzi Mbili na Kigingi cha Tisa

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Mwaisha Kibwana atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja katika Kituo cha Utafiti wa Miteremko, Morogoro, na miaka ishirini na sita kati ya hiyo akiwa mpiga picha wetu pekee. Mhariri wa jarida amenipa ukurasa mmoja niandike wasifu wake. Nimeuanza mara nne na kila mara nimekwama kwenye lenzi. Naomba radhi mapema, maana hata mwenyewe jambo hilo halijamkaa sawa.

Mzaliwa wa Matombo, aliajiriwa Julai 1994 kama mhudumu wa maabara, kazi yake kuosha chupa za sampuli za maji. Mwaka 1999 mpiga picha wa kituo alihamia Dodoma, akaacha kamera juu ya kabati. Mkuu wa wakati ule akauliza kikaoni nani anajua kuitumia. Bi. Mwaisha alikuwa amenyoosha mkono kuuliza habari za sabuni ya kuoshea chupa, akaandikwa jina. Hakubisha. Sabuni nayo, anasema, haikuletwa mpaka mwaka uliofuata.

Wengi mnamjua kwa picha za vitambulisho, ambazo ndani yake sote tunaonekana kama washtakiwa. Kazi yake hasa ilikuwa milimani. Juu ya Mgeta wataalamu wetu walichimbia vigingi kumi na vinne vya chuma. Kila Juni, masika yakiisha, mpiga picha anasimama kwenye kila kigingi, anaelekeza kamera upande ule ule, anapiga. Picha ya mwaka huu inalinganishwa na ya mwaka jana ili ijulikane kama ardhi imehama juu ya nyumba za watu.

Lenzi aliyoirithi ni ya milimita hamsini, isiyovuta. Ukitaka kitu kionekane kikubwa unakifuata kwa miguu. Ukitaka kiwe kidogo unarudi nyuma, na uangalie usitumbukie bondeni. Alipanda nayo miaka kumi na tisa. Ndipo mwaka 2018 kituo kikanunua lenzi ya kuvuta. Hiyo unazungusha pete kwa vidole, mlima unakuja wenyewe. Siku ilipofika, Bi. Mwaisha alishinda barazani akikivuta kilele cha Bondwa karibu na kukirudisha, kama mtu aliyepewa redio mpya.

Juni 2019 goti lake lilivimba njiani. Kufika kigingi cha tisa ni kupanda kijia kikali chenye utelezi. Alisimama chini, hatua kama mia moja kabla, akazungusha pete mpaka picha ikajaa kama ya mwaka jana: mkaratusi, nyumba ya bati, ufa wa zamani kwenye mteremko. Kwenye kioo kidogo cha kamera hakuona tofauti. Akapiga, akaendelea na safari.

Mkuu wetu wa kituo, Dakta Geofrey Mtui, aliziweka picha mbili sambamba. Mwaka uliopita kulikuwa na nafasi kati ya mkaratusi na nyumba ya bati, ambayo ni ya mkulima aitwaye Martina Kobelo. Safari hii mti umeifunika nusu ya paa. Mti hautembei, nyumba haitembei; kwa hiyo ardhi imetembea. Taarifa ikapelekwa kitongojini. Baada ya siku nne familia kumi na moja zilikuwa zimehamia kwenye madarasa ya shule, iliyokuwa likizo, zikaacha kabichi na karoti shambani.

Mimi nilikuwa na miezi mitatu kazini, tukikaa chumba kimoja. Bi. Mwaisha alizikodolea macho picha zile asubuhi nzima.

“Witness, hebu niambie,” alisema. “Ardhi ikihama, ufa si ungepanuka? Mbona uko vile vile?”

Nikasema labda ni lenzi.

“Lenzi imefanya nini?”

Alikuwa na vikombe viwili vya chai mezani, chake na changu. Akafumba jicho moja, akasogeza kichwa kushoto. Kikombe cha mbele kikakifunika cha nyuma. Akarudisha kichwa, kikakiachia. Alirudia hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akasema polepole, “Mimi ndiye niliyehama.”

Hakuna mwingine aliyejua aliposimama siku ile. Angenyamaza, pasingekuwa na wa kumuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Dakta Mtui, nami nikiwa nyuma yake na faili nisilojua la nini.

“Daktari, picha ya tisa sikuipigia kwenye kigingi. Goti liliuma, nikasimama chini, nikavuta.”

Dakta Mtui alivua miwani. “Sasa mama, ardhi imehama au haijahama?”

“Sijui. Ndiyo maana naomba gari.”

Tuliondoka kesho yake. Gari lilitufikisha malori yanapopakilia mboga, tukapanda kwa miguu. Mwendo wa saa moja ulimchukua saa tatu. Kigingini aliweka kisigino kwenye chuma, akapiga kwa ile ya hamsini. Nafasi kati ya mti na nyumba ikaonekana, kama ya mwaka jana. Kisha, bila kuhama, akafunga ile ya kuvuta, akazungusha pete mbele na nyuma. Nafasi ilikuwepo vile vile.

“Kwa hiyo hii haina kosa?” akaniuliza.

“Kosa ni mahali uliposimama, mama.”

“Lakini bila hii nisingesimama pale.”

Hoja hiyo ilianza kwenye kigingi cha tisa na mpaka leo hatujaimaliza.

Alikwenda mwenyewe shuleni kuwaeleza watu. Alisimama mbele ya ubao, mikono mbele, akasema mlima haujahama, amehama yeye.

“Yaani kabichi zangu zimeozea shambani kwa sababu ya goti lako?” aliuliza Martina.

“Ndiyo, dada yangu. Naomba mnisamehe.”

Wachache walicheka. Wengine walifungasha vitu bila kumtazama. Mzee mmoja akauliza, “Na siku ukija kutuambia tuhame, tutakuaminije?” Bi. Mwaisha akasema mwaka ujao waje wasimame naye. Wakaja. Tangu 2020 watu wa kitongoji hicho hupanda naye hadi kigingini, na Martina ndiye anayekagua miguu yake iko wapi kabla hajapiga. Kituo kilimpa onyo la maandishi. Amesisitiza niliandike hapa, asije mtu akasema tulilificha.

Baada ya hapo aliifungia lenzi ya kuvuta kabatini miaka karibu mitano. Aprili 2024 mvua zilikata kijia chote, na kijito kikawa hakivukiki. Dakta Mtui alitutuma tuone tutakachoweza kukiona. Tulisimama ng'ambo, na kwa ile ya hamsini kitongoji kilikuwa kama punje za mchele. Bi. Mwaisha alininyooshea mkono. Mimi nilikuwa nimeibeba ile nyingine kwenye mkoba, kwa siri. Akaifunga, akavuta mpaka mwisho, na juu ya shamba la Martina akaona mstari mweusi kwenye udongo ambao hakuukumbuka.

Akampigia Martina simu.

“Mama Picha, unaona nini?”

“Naona ufa juu yenu. Lakini sina picha ya kulinganisha, dada. Sijui ni wa jana au wa mwezi jana. Naweza kuwa nimekosea tena.”

“Umesimama wapi?”

“Ng'ambo ya kijito. Nimevuta mpaka mwisho.”

Martina akajibu, “Haya. Sisi tunatoka.”

Walitoka wote, watoto na mbuzi. Siku ya pili yake udongo ulishuka juu ya nyumba tatu, moja ikiwa ya Martina, na ndani hamkuwa na mtu. Bi. Mwaisha alipopata habari alikaa chini kwenye korido ya ofisi akalia. Nilidhani ni kwa furaha. Akaniambia hajui analilia nini: watu wamepona, Martina hana nyumba, na lenzi aliyoilaani miaka mitano ndiyo iliyoona.

Sasa ile ya hamsini imeota kuvu ndani ya kioo, na ile ya kuvuta pete yake inakwama. Kamati ya kituo imekubali kununua lenzi moja tu, ikamwomba Bi. Mwaisha achague kabla hajaondoka. Fomu ya kwanza alichagua isiyovuta. Ya pili, ya kuvuta. Ya tatu alizichagua zote mbili, akazifuta zote mbili. Ofisa ununuzi ameikataa kwa sababu haisomeki. Juzi nilimuuliza, “Mama, niandike ipi?”

“Sijui, mwanangu,” alisema. “Ningekuwa najua ningekwambia. Saini wewe, kazi ni yako sasa.”

Nimesaini isiyovuta. Nina uhakika nusu.

Bi. Mwaisha, watumishi wote wa kituo wanakushukuru. Martina Kobelo, aliyejenga upya upande wa pili wa kitongoji, atashuka na jirani zake kuja kukuaga, na ameagiza kwamba safari hii wewe ukae mbele na mtu mwingine apige picha. Nitapiga mimi. Picha ikitoka vibaya nivumilie. Nenda nyumbani ukapumzike, ule na wanao, uamke saa unayotaka. Mungu akupe afya na siku nyingi njema.

Witness Mlay
Kitengo cha Picha na Kumbukumbu