Jamaa wa Auleria

Mheshimiwa Liwali, Shehe wetu, Padre wetu, ndugu wageni waalikwa, na nyie majirani zangu wa Chang'ombe mliofika mapema kwa sababu ya harufu ya vitumbua: mie Mwinjuma nawasalimu.

Mgahawa tunaoufungua leo ni wa Auleria. Alizaliwa Ruanda. Wazazi wake walikimbia njaa wakiwa wamembeba mgongoni, wakafia njiani karibu na Biharamulo, na masista wakamlea. Alipokuwa mkubwa alikuja hapa kumpikia bwana mmoja wa reli. Bwana akahamishwa, Auleria akabaki hana kazi, na katika msako wa wasio na kazi mwaka juzi akakamatwa ili arudishwe kwao.

Kwao wapi? Wabelgiji wanaotawala kule hawamjui. Jina la kijiji chao halijui hata yeye mwenyewe. Je, mtu wa namna hiyo ashushwe kituo gani?

Tulikwenda barazani. Auleria alikuwa amesimama na furushi lake. Bwana Liwali, uliuliza, "Nani jamaa wa mwanamke huyu?"

Hamoud, mwenye duka, akainuka. "Mimi kaka yake."

"Wewe Mwarabu, dada yako ametoka Ruanda?"

"Bwana Liwali, dada yangu wa damu yuko Maskati, hajui hata kama niliumwa. Huyu aliniletea uji mpaka nikapona."

Mie nikasema ni mjomba wake. Apolonia, Mhaya wetu, akapaza sauti, "Na mie mama yake!" Mama huyo ni mdogo kuliko mwanawe! Baraza zima likacheka, nawe ukacheka, Bwana Liwali, kisha ukasema, "Mwenye jamaa wengi hivi nitamrudisha wapi tena? Nendeni naye nyumbani." Hapo ndipo Auleria alipolia. Kwa uamuzi ule, leo tunakushukuru mbele ya watu.

Sasa tazameni kule nyuma, yule baba na mkewe na watoto. Wamevuka mpaka mwezi uliopita, na Auleria amewapa chumba chake cha uani. Ndugu zangu, msione haya, sogeeni mbele. Na wewe, Bwana Liwali, siku utakapouliza jamaa zao ni nani, tafadhali andaa mabenchi ya kutosha, kwani tutakuja wote.

Asanteni kwa kunitegea masikio. Chai iko tayari, na wageni wetu wale ndio watakaoanza.