Mikono Isiyoona Haya

Mheshimiwa Meneja wa Kiwanja. Ndugu wakuu wa idara. Marubani na wahandisi mlioacha kazi zenu kwa muda ili muwe nasi. Wazazi, wake na waume wa wahitimu. Wafanyakazi wenzangu wa maegesho ya ndege. Na ninyi wahitimu, ambao leo nawaona kwa mara ya kwanza mkiwa na viatu visivyo na grisi: hamjambo?

Naam, nimesikia. Walioketi nyuma wamenijibu kwa kuinua dole gumba, na hilo halinishangazi. Mtu wa maegesho hufanya kazi akiwa ameziba masikio kwa sababu ya kelele za injini, kwa hiyo huzungumza kwa mikono, na akifika nyumbani haachi. Mama mmoja amenilalamikia hapo mlangoni kwamba akimwuliza mumewe kama aongezewe chakula, mume huipishanisha mikono yake juu ya kichwa na kunyamaza. Mama, hiyo ni ishara ya kusimamisha ndege. Usimwongezee.

Ndugu wageni waalikwa, wengi wenu mmesafiri kwa ndege. Ndege ikishatua na kukaribia maegesho, taa ya mikanda haijazimwa, nanyi mmeshasimama kutafuta mabegi. Je, mmewahi kutazama dirishani mkajiuliza yule mtu aliyesimama mbele ya ndege, mwenye fimbo mbili za rangi ya chungwa, anafanya nini? Rubani haoni kilicho chini ya pua ya ndege yake, na ncha za mabawa huziona kwa shida. Anachokifuata ni mikono ya mtu yule. Mikono ikimwambia njoo, anakuja. Ikipishana juu ya kichwa, anakanyaga breki bila kuuliza. Hiyo ndiyo kazi waliyojifunza vijana hawa, na mimi mwalimu wao, ambaye si mtu wa sifa nyepesi, nasema wameijua.

Miongoni mwao yuko binti mmoja ambaye sitamtaja jina, kwanza kwa sababu ataona haya, na pili kwa sababu wenzake walikwisha kumpa jina jingine.

Siku ya mtihani wa vitendo alipewa ndege ya kweli, yenye abiria wa kweli. Aliiongoza vizuri. Ilipobakia hatua chache tu kufika kwenye alama, binti akainua fimbo zake akazipishanisha. Ndege ikasimama kwa kishindo, na nadhani waliokuwa wameshasimama kutafuta mabegi waliketi bila kuombwa. Ilipokwisha kuegeshwa, rubani akateremka ngazi na uchovu wake.

“Nani amenisimamisha?”

“Ni mimi, kapteni.”

“Umeona nini?”

“Nimeona tela la mizigo linaliendea bawa lako, kapteni.”

“Liko wapi hilo tela?”

“Liko palepale, kapteni. Limefungwa breki. Ni pazia lake la turubai lililopeperushwa na upepo, nikadhani ni tela lenyewe linatembea.”

“Ala! Nimepita kwenye ngurumo na mawingu salama, nije kuzuiwa na pazia?”

Kapteni alisema hivyo kwa utani tu, kisha akaenda zake kupumzika. Lakini utani ulibaki maegeshoni. Kuanzia siku hiyo binti akaitwa Bi Pazia. “Bi Pazia, dirisha la kantini liko wazi, jua linatuchoma.” “Bi Pazia, mita moja unashona kwa bei gani?” Mimi sicheki kazini, wahitimu ni mashahidi wangu, lakini wenye meno walicheka.

Siku chache baadaye tulikuwa kwenye mazoezi ya kurudisha trekta nyuma. Trekta ni lile kubwa la kusukumia ndege, na dereva wake ni mzee mwenzangu tunayemwita Babu Gia, yule pale aliyevaa tai ya mwanawe. Binti alikuwa akimwongoza. Kijana mmoja akakatiza nyuma ya trekta kuokota kofia yake iliyopeperuka. Babu Gia, akitazama kwenye kioo, aliona mikono ya binti imepanda mpaka mabegani, ikasita, ikarudi chini. Hakungoja ishara. Aliona macho ya binti yamemtoka, akakanyaga breki, na kofia ikapona pamoja na mwenye kofia.

Babu Gia akaja ofisini kwangu bila kubisha hodi.

“Mwalimu, yule mtoto tumemharibu.”

“Nani amemharibu?”

“Sisi na vicheko vyetu. Hatari ameiona vizuri kabisa. Ila mikono imeogopa kuchekwa.”

Mchana ule ule binti naye akaja. Aliomba ahamishiwe kwenye kaunta ya kupimia mizigo ya abiria. Nikamwuliza kisa, akajibu kwa sauti ya chini: “Mwalimu, kule nikikosea, begi litarudishwa kwenye mzani. Huku nikiinua mikono bure nitachekwa, nisipoinua mtu atakufa. Sitaki tena kusimama katikati ya hayo mawili.”

Nilimwomba asubiri hadi mwisho wa juma.

Kesho yake Babu Gia akamchukua hadi kwenye maegesho yasiyo na ndege.

“Mjukuu wangu, nakuja kwako na trekta. Nisimamishe.”

“Kwa sababu gani, babu?”

“Bila sababu.”

Akaja, akasimamishwa. Akateremka polepole, akamwendea binti, akamwambia, “Asante.” Akapanda tena, akaja tena, akasimamishwa tena, akateremka tena. Binti akaanza kumwonea huruma.

“Babu, tutafanya hivi mpaka lini?”

“Mpaka mikono yako iache kuona haya. Na ufanye haraka, maana magoti yangu hayana dhamana.”

Wenzake walikuja kutazama, wakidhani ni mchezo, na Babu Gia akawapandisha kwenye trekta mmoja mmoja, ili nao wakisimamishwa wateremke kumshukuru. Wa kwanza alikuwa yule aliyebuni jina la Bi Pazia, na asante yake ya kwanza ilitoka kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Ya tatu ilikuwa na afadhali. Ya mwisho ilitoka moyoni, nami niliisikia.

Tangu hapo, kwa idhini ya Mheshimiwa Meneja, huo ndio utaratibu wetu: anayesimamisha ndege au gari maegeshoni huambiwa asante kwanza, sababu huulizwa baadaye. Wapo wakaguzi walioniuliza kama mtu aliyesimamisha ndege kwa ajili ya pazia anastahili cheti. Nawajibu mbele yenu. Jicho lake lilikosea, uamuzi wake ulikuwa sahihi. Ndege iliyosimamishwa bure huchelewa kidogo, abiria wakanung’unika, wakaenda kwao. Je, ile iliyopaswa kusimamishwa na haikusimamishwa, abiria wake na watu waliokuwa chini yake tungewaambia nini?

Jana asubuhi binti huyu alisimamisha ndege nyingine. Mikono ilipanda moja kwa moja mpaka juu, mabegani haikutua. Babu Gia alikuwa wa kwanza kumfikia na asante yake, yule mtoa majina akiwa wa pili. Naona mnanyoosha shingo. Mnataka kujua safari hii kulikuwa na nini. Yuko pale safu ya mbele. Baada ya sherehe mfuateni, mumshukuru kwanza, kisha mumwulize.

Jioni alikuja ofisini kwangu. Nikajua amefuata jibu la lile ombi la kaunta, nami nilikuwa nimejiandaa kulitoa, ingawa kwa moyo mzito. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza: “Mwalimu, zamu yangu ya keshokutwa inaanza saa ngapi?”

Inaanza saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu. Usichelewe.

Mheshimiwa Meneja, wageni wetu, wazazi mliotukabidhi watoto wenu, na ninyi wahitimu: kwa masikio mliyoniazima na subira mliyonipa, nawashukuru sana. Asanteni.