Mama Priscah Chepkosgei na Bustani Katikati ya Chai

Ndugu, majirani na watu wa kanisa, poleni kwa safari na asanteni kwa kuja. Tuko hapa nyumbani Roret, leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, kumsindikiza Mama Priscah Chepkosgei. Mimi ni mume wake, Aron arap Chumo. Sikusoma. Maneno ni yangu, binti yetu Janeffer ameyaandika na ndiye anayasoma. Nitasema machache. Mama huyu alilisha nyumba hii miaka arobaini na nne kutoka kwa ile bustani ndogo mnaona nyuma ya jikoni. Wiki hii bustani hiyo ilikaribia kupotea kwa sababu ya mazishi yake. Nitafika hapo.

Marehemu alizaliwa Chebunyo mwaka wa 1952. Kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari, lakini mama yake alisema ilikuwa wakati wa kuvuna wimbi, maana uchungu ulimshika shambani, kisu cha kukatia wimbi mkononi. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Kimalel arap Soi na marehemu Mama Tabutany. Kwao hakukuwa na chai. Kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, wimbi, na mboga za kujimea. Alijua majani ya kula kabla ya kujua herufi.

Alisoma Chebunyo kutoka 1962, akaacha darasa la nne mwaka wa 1965 baba yake alipougua, akabaki na mbuzi. Mwaka wa 1983 alirudi darasani hapa Roret, masomo ya watu wazima, akamaliza. Mimi pia alinialika. Nilimwambia kichwa changu kimejaa. Akaniuliza, "Umekijaza nini?" Tangu hapo yeye ndiye alikuwa ananisomea Biblia.

Tulioana tarehe 17 Desemba 1971 kwa desturi ya wazee. Ndoa ikabarikiwa kanisani mwezi wa nane, 1986. Mungu alitupa watoto wanne.

Sasa nitasema kosa langu, kwa sababu bila hilo hamtajua kazi yake.

Mwaka wa 1977 bei ya majani chai ilipanda, na kila mtu hapa akapanda chai. Mimi nilipanda mpaka ukutani. Bustani aliyoachiwa na mama yangu niliing'oa yote. Nilibakisha njia ya mlangoni na mahali pa kufunga ng'ombe. Hata kuku wetu walikuwa wanatembea kwa mstari.

Marehemu aliniuliza, "Baba Kiplimo, na mboga?"

Nikasema, "Mboga tutanunua."

Tulinunua kweli. Bonasi ya chai ikija mwezi wa kumi, ilikuwa mkate, soda, sukari na mafuta ya kupikia. Mwezi wa pili ukifika hakuna kitu. Tulikula ugali mweupe na kabichi, na siku nyingine ugali na chai ya rangi. Mwaka wa 1980 Janeffer, akiwa na miaka miwili, alivimba miguu na nywele zikawa nyekundu. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi mmoja mama, jina lake Nyaberi, alimtazama mtoto, akauliza:

"Mna shamba?"

"Tuko nalo. Ekari mbili za chai."

"Na mtoto anakula chai?"

Alirudi akaniambia maneno hayo vile yalivyosemwa. Mimi nilikataa kung'oa. Tulikuwa tunasikia mtu aking'oa chai atashikwa, na niliogopa. Lakini kiburi kilikuwa kikubwa kuliko woga.

Yeye hakugombana. Alipanda pale maji ya bafu yanatokea. Alipanda kwa magunia ya mbolea, chini ya paa. Mbegu za mboga za kienyeji, managu, sagaa na kunde, alipewa na jirani wetu Lenah Bonareri, mke wa Omariba, waliotoka Kisii. Alizileta zimefungwa kwa pembe ya leso. Siku moja Bonareri alipita tukichuma, akaita kwa sauti, "Mzee, hii chai yenu mnakula na nini? Na chumvi?" Wachumaji walicheka mpaka vikapu vikatikisika. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu, mwezi wa nne 1981, marehemu akiwa sokoni, nilichukua shoka na jembe nikang'oa mistari sita.

Aliporudi alisimama na mzigo wake mgongoni. Akatazama. Akasema, "Na wa saba umemwachia nani?"

Nikang'oa na wa saba.

Kutoka hapo tulikula vizuri, na pesa ilikuwa ile ile kidogo. Asubuhi alichuma chai, mchana alikuwa bustanini. Alipanda managu, sagaa, kunde, malenge, viazi vitamu na maharagwe. Majani ya malenge tulikula, malenge yenyewe tukala, mbegu akakaanga. Wimbi hakununua. Alipeleka majani chai kwa dada zake Chebunyo, akarudi na debe la wimbi. Maparachichi ambayo watu hapa waliachia mbwa, yeye aliokota. Maziwa alihifadhi kwa kibuyu mpaka yakaganda, yakawa mursik. Alikuwa anasema duka ni la chumvi, kiberiti na sabuni. Bonasi ikija, mkate ulikuwa siku moja tu. "Leo kuleni upepo," aliwaambia watoto, "kesho tunarudi kwa chakula." Akina mama wengi wako hapa waliofundishwa na yeye, na hakuna aliyetoka kwake bila mbegu. Janeffer alipona, miguu ikarudi. Ni huyu anawasomea.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana chakula kilianza kumkwama. Hospitali walisema ni saratani ya koo. Mtu aliyetulisha sisi wote akashindwa kumeza. Janeffer alimchujia uji wa wimbi kwa kitambaa, na alipokunywa vijiko vitano tulishukuru. Alikuwa anaketi kwa kiti kando ya bustani na kuelekeza: "Usiing'oe. Katia juu, itachipuka." Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na wote waliochanga. Jumapili tarehe 8 aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Mboga gani?" Jumatatu tarehe 9 Juni, saa moja asubuhi, alitutoka akiwa hapa nyumbani, watoto wote wakiwa karibu.

Jumanne kamati ya mazishi ilitembea shambani kutafuta mahali pa kaburi na mahali pa hema. Walikuta kila mahali ni chai, isipokuwa bustani yake. Kijana wetu mkubwa Kiplimo akaja kwangu.

"Baba, ni pale tu pako wazi. Mboga itamea tena."

"Na chai?"

"Chai, baba, iko na mti mnene. Na ndiyo inasomesha watoto."

"Watoto wanaosoma wanakula nini?"

Mzee mmoja wa kamati akasema, "Aron, watu watakucheka. Nani anang'oa chai kwa ajili ya sagaa?"

Nikamwambia mimi nilishachekwa 1981, nimezoea.

Kiplimo akavua koti, akaenda kuleta shoka. Vijana walifanya kazi Jumatano na Alhamisi, maana chai ya zamani mizizi yake ni mirefu. Waling'oa mistari minne. Hapo ndipo kaburi liko. Omariba alitupa uwanja wake wa nyasi kwa hema, ndiyo maana mmekaa kwa jirani. Ndugu yangu, asante.

Marehemu ameacha mume, Aron arap Chumo. Watoto Kiplimo, Janeffer, Chepkurui na Kipkemboi. Wakwe, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Na dada zake wawili wa Chebunyo. Ameacha pia Lenah Bonareri, ambaye hakuzaliwa naye lakini sijui nimweke wapi pengine.

Mungu, nakushukuru kwa huyu mama. Miaka hamsini na tatu si kidogo. Mimi sikumwambia asante akiwa hai, nilikula tu.

Baada ya maombi kutakuwa na ugali wa wimbi, mboga na mursik. Bonareri alichuma asubuhi, akakatia juu. Wale watakuwa wanabeba jeneza, na nyinyi wote mkifuata, tafadhali mpite upande wa chai. Msikanyage mboga.

Lala salama, Mama Kiplimo. Tumeshiba. Kongoi, asante.