Raili Kenttälä, Aliyelifundisha Basi Kusimama

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Raili Kenttälä anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika barabara za mji wetu wa Muonio. Ishirini na mitano aliendesha gari la kukwangua theluji. Tisa amekuwa nasi katika kituo cha majaribio, akiketi nyuma ya usukani wa basi linalojiendesha lenyewe, tayari kuushika mambo yakiharibika.

Wiki yake ya kwanza alituuliza wahandisi, "Hili basi lenu likipofuka, linajua kwamba limepofuka?" Tulicheka.

Ripoti zake zilikuwa za sentensi moja. Ninayoikumbuka zaidi ilisema: "Leo halikuogopa vya kutosha."

Kisha ikaja Februari ile wafadhili walipotutembelea. Tulikuwa na wageni wanane ndani, nami ndiye msimamizi wa safari. Saa tano asubuhi upepo ukavuma, barabara ikafutika machoni, kamera zikazibwa na theluji. Basi likaendelea kwa kilomita hamsini kwa saa, likitegemea ramani. Raili akashika usukani, akaliingiza kwenye kituo cha abiria pembeni mwa barabara, akawasha taa za hatari.

"Raili, ramani inaonyesha njia iko wazi!" nilimwambia.

"Ramani ilichorwa Julai, Eero. Kaa."

"Wageni wanatutazama!"

"Waache watutazame. Wako hai."

Nilinuna waziwazi. Dakika ishirini baadaye upepo ulitulia, tukasogea taratibu. Mita mia tatu mbele, lori la magogo lilikuwa limelala ubavu, limeziba barabara nzima. Raili hakunigeukia hata kidogo. Alishuka, akamfunika dereva wa lori blanketi, akammiminia kahawa. "Wewe nawe, kama ulitaka kulala si ungebaki nyumbani?" Yule bwana, meno yakigongana kwa baridi, akacheka.

Wiki hiyohiyo tuliketi naye kuandika upya kanuni za basi. Lisipoona, lisibahatishe. Lipunguze mwendo, litoke njiani kabisa, kwa sababu nyuma linakuja gari la kukwangua theluji nalo halioni. Liwashe taa, limwite binadamu. Majira saba ya baridi yamepita tangu hapo, na hakuna abiria aliyeumia.

Raili, siku ile sikukuomba radhi. Nakuomba leo, mbele ya wenzetu wote. Asante kwa kutufikisha nyumbani. Pumzika vyema, ziwa likupe samaki wanono, na jiko la sauna, chumba chako cha mvuke, lisikuzimikie.

Eero Vaattovaara, kwa niaba ya wafanyakazi wote